Trela Haligandishi

Nikiulizwa kazi yangu nasema dereva wa lori, na hapo ndipo maneno huanza. Lori gani? La vyakula vya baridi. "Ahaa, kwa hiyo unaendesha friza!" Hapana jamani, siendeshi friza. Nimelisema hilo kanisani, nimelisema harusini nikiwa na sahani mkononi, nimejaribu kumwambia hata daktari wa meno nikiwa nimeachama mdomo. Trela la baridi haligandishi kitu. Linatunza ule ubaridi ambao mzigo umekuja nao, basi. Ukilikabidhi samaki aliyeganda, litakurudishia samaki aliyeganda. Ukilikabidhi samaki wa uvuguvugu, litahangaika nawe njia nzima, na mwisho wa safari utapata samaki anayenuka na barua kutoka ofisini.

Sikuzaliwa nikiyajua hayo. Nilifundishwa na dereva mmoja Mkenya, mtu wa Nakuru, aliyenitangulia kwenye yadi yetu ya Smithfield, huku Australia. Siku ya kwanza alinipeleka mbele ya trela, pale ulipofungwa mtambo wa baridi, akanionyesha namba mbili kwenye kioo kidogo.

"Sikiza, madam," akaniambia. "Hii ya juu ni kile wewe unataka. Hii ya chini ni kile kiko. Kazi yako ni hizi mbili zipatane. Na usiwahi fikiria hii kitu ni friza. Inashikilia tu."

Basi nikashika. Mbogamboga na samaki, kumi na nane chini ya sifuri. Mimi huweka ishirini, ili milango ikifunguliwa nisipandwe na presha. Aiskrimu ni mtoto wa kudeka, yeye anataka ishirini na tano. Unawasha mtambo trela likiwa tupu na kulisubiri mpaka kuta zenyewe zipoe. Ukianza kupakia unauzima, maana mtambo ukivuma huku milango iko wazi unavuta joto na unyevu wa nje, na baadaye unakuta umezibwa na barafu. Mzigo unaupima kabla haujaingia, kipimajoto unakichomeka katikati ya katoni, si juu juu. Na juu unaacha nafasi hewa ipite. Nikimkuta mtu wa stoo anashindilia mzigo mpaka darini huwa namfokea palepale, sisubiri, ndivyo nilivyoumbwa. Smithfield wananiita jina ambalo sitaliandika hapa, lakini miaka yote hiyo sikuwahi kupewa barua ya onyo hata moja.

Sikuwahi, mpaka yalipotokea ya lengalenga.

Huko kwetu Tanga tunaita mchicha. Lengalenga ni jina la kwao mama mmoja wa mtaa wa Mount Druitt, Mkongomani wa Uvira, ambaye si mama yangu wa kunizaa lakini sina jina jingine la kumwita. Nilipofika Australia nilikuwa na watoto wawili na ndoa iliyokwisha kuvunjika, nikapanga nyumba ya pili kutoka kwake. Nilipata kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za saa ambazo hata basi hakuna. Mama huyo na mumewe walinilelea wanangu miaka minne. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, aliwapeleka shule kwa miguu kila asubuhi, begi moja bega hili, begi jingine bega lile. Niliposema nataka kusomea leseni ya malori makubwa, ndugu zangu wa damu walinicheka kwenye simu mpaka wakakohoa. Mzee aliniuliza tu darasa linaanza saa ngapi, ili ajue watoto watakula saa ngapi.

Nyuma ya nyumba yao Mzee alikuwa na bustani. Si kubwa, matuta sita au saba, ila aliyapenda matuta yale jamani! Alipanda maboga kwa ajili ya majani yake, maharage, na lengalenga kwa wingi. Jioni alizunguka na kopo alilolitoboa matundu, akimwagilia shina moja moja na kuongea nayo. Mpira wa maji aliukataa. Alisema maji ya mpira yanatoka kwa hasira, halafu ananitazama mimi na kucheka.

Alifariki mwezi wa kwanza, kwenye lile joto la kukausha mate. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Mama alilia kwa siku zake, kisha akanyamaza, akaanza kungoja. Kwao kuna siku ya kumaliza kilio: watu wanakusanyika, nguo za msiba zinawekwa kando, mnakula pamoja, na mjane anaruhusiwa kucheka tena. Lakini haikuweza kufanyika bila kifungua mimba wao, aliyekuwa bado Kampala akisubiri karatasi za kuingia, na karatasi zilisema mwezi wa saba. Mama akaamua jambo moja, na halikutaka mjadala: siku hiyo watu watakula mboga za Mzee. Si za dukani. Zile alizozipanda yeye kwa mkono wake.

Mwezi wa tatu mwenye nyumba akauza nyumba. Mama akapewa notisi, na tukaambiwa anayenunua anataka kubomoa yote na kujenga nyumba mbili. Ijumaa ilikuwa siku ya kutoka. Alhamisi asubuhi na mapema, nikijiandaa kwenda kazini, simu ikaita.

"Mutoto yangu," akasema. "Kuja. Nimemaliza kuchuma."

Nikapitia kwake. Friji ilikuwa imezimwa na kufungwa kamba, tayari kuhamishwa. Jikoni mezani kulikuwa na makopo kumi na mawili ya aiskrimu, yamepangwa vizuri, mifuniko imebanwa. Nani kati yetu asiyeyajua makopo hayo? Katika nyumba zetu hapa, ukifungua friza ukaona kopo la aiskrimu usishangilie, ndani ni maharage. Wanangu walilizwa na makopo hayo utoto wao wote. Na haya ndani yake hayakuwa na aiskrimu. Mama alikuwa amechuma bustani yote, matuta yote, akaichemsha, akaikamua, akaigawa humo. Kupitia dirishani niliona udongo mtupu.

"Bon, haya," akasema. "Utaziweka ndani ya trela yako. Pale kwa kona, haitasumbua mutu. Mpaka mwezi wa saba."

"Mama," nikasema, "trela si friza."

"Inabeba aiskrimu?"

"Inabeba."

"Aiskrimu inaganda?"

"Imeshaganda kiwandani, mama! Trela haligandishi, nimekueleza mara ngapi?"

Alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtoto aliyechoka. Kisha akaniwekea kopo la kwanza mikononi. Lilikuwa bado na uvuguvugu.

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Sisi tumelelewa hivyo. Mzazi akikuwekea kitu mikononi, hukirudishi mezani. Naweza kumfokea meneja mbele ya watu, lakini mama yule siwezi, ulimi unakuwa mzito. Friza langu mwenyewe lilikuwa limekufa wiki mbili nyuma, aibu kubwa, dereva wa baridi asiye na friza. Jipya lingeletwa Jumamosi. Joto lilikuwa la kuchachusha mboga kabla ya jua kuzama, na kuwaachia watu mbalimbali kopo mojamoja alikuwa ameshakataa, akihofia wangezila. Nikampigia binti yangu kumwomba ushauri. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba neno la hapana ni fupi na ninalitumia kwa kila mtu isipokuwa Mama na marehemu Mzee. Nikamkatia simu.

Nikayapakia makopo kwenye gari langu, kwenye sanduku la ndizi, nikalifunga mkanda wa kiti.

Yadini trela langu lilikuwa linapoa, tayari kwa mzigo wa aiskrimu, ishirini na tano chini ya sifuri. Nilijua ninachotaka kufanya ni kosa. Kitu kisichoandikwa kwenye hati hakipandi kwenye trela la chakula, hilo halina mjadala, nami ndiye huwaimbia wengine. Lakini nikajiambia: makopo kumi na mawili, kwenye nafasi yote ile, upepo wa mtambo ukiyapiga mfululizo yatashika barafu, jioni nitayatoa, nitayalaza kwenye maboksi ya barafu mpaka Jumamosi. Nani atajua?

Na hapo nikafanya ujanja uliokuja kunimaliza. Lile sanduku la ndizi lingeonekana tu, mtu angeuliza. Kulikuwa na katoni safi ya aiskrimu, tupu, imetupwa karibu na ofisi. Nikayahamishia makopo humo, nikaifunga kwa utepe wa gundi, nikaisukuma mbele kabisa, chini ya mtambo. Nikajipongeza. Loo, nilivyojipongeza!

Tukapakia. Nikapima katoni za kiwanda zilizokaa karibu na ile yangu, ziko sawa, nikashusha pumzi. Kioo cha mtambo kilinionyesha namba zangu mbili, zimepatana. Nikaendesha kuelekea ghala kubwa la baridi upande wa Port Botany, nimetulia, nikamwambia Mzee kwa sauti kwamba mboga zake zinasafiri na kiyoyozi.

Pale ghalani siku zote huniacha nisimame mlangoni wakati wa kushusha. Mpango wangu wote ulikuwa huo: paleti ya mwisho ikitoka, naingia, nachukua katoni yangu, nafunga milango. Siku hiyo kulikuwa na wakaguzi. Madereva wote tukanyang'anywa funguo na kupelekwa chumba cha kungojea, chenye viti vya plastiki na mashine ya kahawa. Nilimwambia mlinzi ninahitaji kitu ndani ya trela. Akasema ngoja. Nikamwambia ni muhimu. Akasema wote wanasema hivyo. Nilikunywa kahawa nisiyoitaka nikiangalia mlango.

Baada ya saa nzima kijana wa makaratasi akaja na hati, anatabasamu.

"Kiwanda kimekosea leo," akasema. "Kuna katoni moja imezidi. Ilikuwa imeanguka chini huko mbele. Tumeipandisha juu ya paleti pamoja na wenzake, imeshaingia ndani. Weka sahihi hapa, uende."

Nikapoa mwili mzima. Ndani maana yake ni ghala lenye rafu ndefu kwenda juu kama nyumba ya ghorofa, katoni elfu na elfu, zote zimefanana. Ile yangu ilikuwa na picha ileile, maandishi yaleyale, maana mimi mwenyewe niliichagua ifanane. Bustani ya Mzee ilikuwa imeandikishwa kama aiskrimu ya vanila.

Akanipa kalamu. Nami nikaishika. Nasema ukweli wangu: nikaishika, nikaanza kuandika jina. Nikiweka sahihi hakuna atakayejua kitu. Siku moja mtu fulani wa mbali atafungua kopo na kukuta mchicha, atalalamika, hawatajua ulikotoka. Nitabaki na kazi yangu, leseni yangu safi, sifa yangu. Mama nitamwambia mboga ziliharibika na joto. Angeniamini. Angenipa pole mimi.

Hilo ndilo lililonichoma, kwamba angenipa pole mimi.

"Harakisha, kuna foleni," kijana akasema, akigonga meza kwa kidole.

Hasira zangu zimenitia matatani mara nyingi, lakini siku hiyo zilinisaidia. Kile kidole! Nikaitupa kalamu mezani. "Usinigongee meza," nikamwambia. "Ile katoni si aiskrimu. Ni yangu. Niitie mkubwa wako, sasa hivi, na mtu yeyote asiiguse." Watu wote chumbani wakageuka. Nami nikazidi kupaza sauti.

Mkubwa wake alikuwa mwanamke, Msamoa, mrefu, mtaratibu, wa rika langu. Hakunifokea. Aliniuliza katoni ilipandishwa kwenye paleti ya ngapi kushushwa. Nikamwambia lazima iwe ya mwisho. Akanivika koti zito, tukaingia pamoja. Baridi ya mle ndani si ya trela, ile ni friza kwelikweli, kope zinagandamana. Dereva wa foklifti alishusha paleti ya mwisho kutoka rafu ya tatu, na juu yake, pembeni, niliuona utepe wangu, umebandikwa mshazari.

Tukaitoa mpaka kwenye kibaraza cha kupokelea. Yule Msamoa akachukua kopo moja, akafungua mfuniko, akatazama.

"Hiki ni nini?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri. Ukanikauka kinywani. "Ni bustani ya mtu aliyekufa," nikasema. "Alinilelea wanangu. Mkewe anataka watu waile siku ya kumaliza msiba, na hakuna nyingine, wanabomoa nyumba." Na hapo nikalia, mimi, mbele ya madereva wa foklifti ninaowafokea kila wiki.

Aliliweka lile kopo juu ya katoni. Akageuza mfuniko, akasoma maandishi ya vanila.

"Mama yangu naye huweka majani kwenye haya," akasema. "Tulikuwa tunalia tukifungua."

Msidhani aliniachia. Kalamu yake haikusimama. Aliandika ripoti yote, kitu kisichoandikwa kwenye hati, jina langu, saa, namba ya trela, na nakala ikatumwa yadini kwetu nikiwa bado nimekaa pale. Kopo alilolifungua lilitupwa, alisema hawezi kufanya vinginevyo, na nikaliona likienda. Lakini makopo kumi na moja alinirudishia ndani ya boksi nene la kuhifadhia baridi, kwa mkono wake, na akanikumbusha boksi lirudi wiki ijayo. Nikayagonga. Yalikuwa magumu kama matofali.

Jumamosi makopo yaliingia kwenye friza langu jipya, na barua niliipata Jumatatu, ya kwanza na ya mwisho hadi leo. Niliondolewa kwenye baridi miezi sita. Nikapelekwa kuvuta makontena makavu kutoka bandarini, viatu, matairi, viti vya plastiki, vitu ambavyo havijali wewe ni dereva mzuri au mbaya. Yule Mkenya aliyenifundisha alinitazama tu, akatikisa kichwa. "Madam, yaani ni wewe?" Nilimisi hata kelele za mtambo. Asubuhi nilijikuta nikizunguka mbele ya kontena kutafuta namba mbili ambazo hazikuwepo.

Mama sikumwambia. Nilimwambia napumzishwa mgongo na baridi. Akanitumia mafuta ya kuchua.

Mwezi wa saba kifungua mimba akaingia, mrefu kama babaye, na kilio kikamalizwa kwenye ukumbi wa kanisa, siku ya jua jembamba la majira ya baridi. Makopo yaliyeyushwa tangu jana yake. Mama alipika mwenyewe, vitunguu, mafuta ya mawese, na hakuruhusu mtu kushika mwiko. Yule mtoto wake alipewa sahani ya kwanza. Alikula tonge moja, akaacha kutafuna, akainamisha kichwa. Hakuwa amemwona babaye miaka tisa. Mama alimwekea mkono mgongoni, akamwambia ale, ni mkono wa baba yake, ale. Akala yote, huku machozi yakimdondokea kwenye sahani.

Wageni wakaanza kuulizana. Lengalenga mbichi namna hii, majira ya baridi, mboga ya marehemu, inawezekanaje? Mama, aliyekuwa amevua nguo nyeusi na kufunga kitenge cha njano, akainuka, akaninyooshea kidole mbele ya ukumbi mzima, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza nikamwona anacheka.

"Muulize huyu mutoto yangu! Miaka yote anatudanganya, ati trela haigandishi, trela haigandishi. Munaonaje sasa? Inagandisha ao haigandishi?"

Ukumbi ukageuka kunitazama. Binti yangu akanitazama, anayajua yote, amebana midomo. Watu walikuwa wanangoja nianze mahubiri yangu waliyoyazoea, namba mbili, ya juu na ya chini.

"Linagandisha, mama," nikasema, nikamwomba aniongezee mboga.